Kizibao cha uzito au mikanda ya miguuni: kipi ununue kwa karate ya nyumbani?

Karibu mtazamaji. Mezani leo kuna vitu vitatu kwa ajili yenu mnaofanya karate, taekwondo au ndondi peke yenu nyumbani: kizibao cha uzito, mikanda ya uzito ya kufunga miguuni, na ile midogo ya mikononi. Hukumu naitoa mapema. Kama hela yako inatosha kitu kimoja, chukua kizibao. Mikanda ya miguuni ina kazi yake, ila si ile iliyochorwa kwenye boksi. Ya mikononi iache dukani.

Hiyo ya mikononi tuimalize haraka. Ngumi inakwenda mbele, uzito unavuta chini. Ukifunga nusu kilo kila mkono ukapiga ngumi hewani, anayechoka ni bega, linalohangaika mkono usishuke. Nyonga na mguu wa nyuma, vinavyoisukuma ngumi, havipati mzigo wa maana. Halafu ngumi ikifika mwisho na hakuna begi la kuipokea, ile nusu kilo bado inataka kuendelea, na breki yake ni kiwiko. Ukitaka kitu kinachopingana na ngumi kweli, mwombe fundi baiskeli tyubu kuukuu, ichane iwe mkanda mrefu, ifunge kwenye nguzo nyuma yako usawa wa kifua, shika ncha upige. Ikague kabla ya kila zoezi, hasa karibu na pale pa kujazia upepo. Ikiwa na ufa, tupa, maana ikikatika inarudi na kasi yote.

Sasa miguuni. Tazama hapa: kilo 1 ukiifunga pajani, sentimita 20 kutoka nyonga, na kilo 1 hiyohiyo ukiifunga juu ya kifundo, sentimita 80 kutoka nyonga, haiwi mzigo uleule. Ukinyoosha mguu mbele na kuushikilia, ile ya kifundoni inaivuta nyonga mara 4 zaidi. Ukianza kuuzungusha mguu kwa kasi, kama kwenye mawashi geri, lile teke la kuzunguka, ugumu ambao kilo hiyo inauongeza, wa kuuanzisha mguu na wa kuusimamisha, unafika mara 16. Na kuusimamisha ndiyo shida yenyewe. Teke la hewani halina kitu cha kuligonga, hivyo misuli ya nyuma ya paja inabidi iushike mguu kabla goti halijanyooka kupita kiasi. Inapochelewa kidogo tu, mshtuko unaingia kwenye goti. Ndiyo maana mateke ya kasi na mikanda hii yanaweza kuliumiza goti.

Kwa hiyo itumie polepole. Simama karibu na ukuta, mkono mmoja ukiugusa. Kwa mae geri, teke la mbele: pandisha goti kwa sekunde 2, nyoosha mguu kwa sekunde 3, shikilia 2, kunja kwa 2, kisha shusha. Rudia mara 6 hadi 8 kila mguu, raundi 2 au 3. Yoko geri, teke la ubavuni, nayo hivyohivyo, na hapo hata nusu kilo inatosha kukutoa jasho. Usizidishe kilo 1 kila mguu. Ukiona kiwiliwili kinalala nyuma ili mguu upande, mzigo umekushinda, punguza. Mkanda ukae juu ya vile vifupa viwili vya kifundo, juu ya soksi, ncha ya kunata ikitazama nje ili isikwame kwenye mguu mwingine. Mkanda uliolegea unateleza na kugonga mfupa kila ukikunja goti.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Ukivua mikanda, miguu inakuwa miepesi ajabu, unajiona umeongeza kasi. Hujaongeza. Mwili bado unatuma nguvu ya kubeba ule mzigo wakati mzigo haupo, na hali hiyo inapotea baada ya muda mfupi. Piga mateke machache ya taratibu kwanza, mpaka uizoee tena miguu yako, ndipo urudi kwenye kasi.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotokea. Ni kweli, kwenye Goju-ryu, mtindo wa karate wa huko, kuna mazoezi ya vifaa yanayoitwa hojo undo, na humo kuna tetsu geta, kandambili za chuma zinazobanwa kwa vidole vya miguu. Lakini angalia zinavyotumika: mguu unapanda na kushuka kwa utulivu, chini ya usimamizi. Si za kupigia mateke ya kasi ya mfululizo.

Haya, kizibao. Uzuri wake ni kwamba uzito unakaa kwenye kiwiliwili, karibu na kitovu cha mwili, kwa hiyo umbo la teke na ngumi halibadiliki. Kinachofanya kazi ni mapaja, makalio, tumbo na pumzi. Anza na asilimia 5 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 ni kilo 3 na nusu. Kaa hapo wiki kadhaa, usivuke asilimia 10. Ndiyo sababu nakushauri chenye mifuko midogo ya kuongeza na kupunguza, na uipange sawasawa mbele na nyuma. Ukijaza mbele tu, zenkutsu dachi yako, ule mkao wa mguu mmoja mbele, itaanza kuinama bila wewe kujua.

Kukivaa: vuta pumzi kifua kijae, ndipo ukaze mkanda. Ukikaza ukiwa umetoa pumzi, dakika mbili baadaye utadhani huna mapafu, na kata (mfululizo wa mikao na mapigo uliopangwa) kama Sanchin, ambayo roho yake ni pumzi, haitafanyika. Kisha rukaruka kidogo mara mbili. Kikigonga mfupa wa bega, kaza pembeni. Kikiendelea, si saizi yako, rudisha.

Piga kata moja unayoijua vizuri, kwa mwendo wa kati, mara 3, ukipumzika dakika moja kila mara. Baada ya hapo kaa kiba dachi, mkao wa kama umepanda farasi, sekunde 30. Mateke ya kuruka hapana kabisa, maana kutua tu kunaongeza mzigo kwenye magoti, na nyumbani mnatua kwenye vigae, si kwenye mkeka. Vigae vyenyewe vikilowa jasho vinateleza, weka kitambaa karibu. Watoto wasivae hiki wala mikanda, na mwenye maumivu ya mgongo au goti amwone daktari kwanza.

Ubora? Vitu hivi vingi vimejazwa chembe za chuma au mchanga. Pitisha kidole kwenye mshono wa ndani kabla ya kulipa; ukishonwa mara moja tu, utaanza kuokota unga mweusi sakafuni. Weka na kwenye mzani wa jikoni. Boksi likiandika kilo 2, mara nyingi ni za pea nzima, yaani kilo 1 kila mguu. Chuma na jasho havipatani, na mlioko pwani, Dar, Mombasa, Unguja, kutu inakuja haraka zaidi: toa mifuko ya uzito, futa, anika kivulini, usiloweke. Sehemu ya kunata ikiacha kushika, kawaida imejaa nyuzi. Zichokonoe kwa mswaki mkuukuu.

Na asiye na hela ya kizibao asivae begi la mgongoni lenye mchanga. Linakuvuta nyuma, nawe utainama mbele kulipinga. Shona mifuko miwili ya kitambaa kizito, mmoja kifuani, mmoja mgongoni, iunganishe mabegani kwa mikanda mipana, na ufunge kamba kiunoni isibembee. Mchanga uwe mkavu kabisa, ndani ya plastiki mbili. Lita 1 ina takriban kilo 1 na nusu, hivyo lita 1 mbele na lita 1 nyuma inakupa kama kilo 3 za kuanzia.