Seti ya kujiundia fimbo ya kuvulia samaki kwa inzi bandia, futi 9 namba 5: kaboni nzuri, gundi ya kutupa

Seti hizi zisizo na chapa maarufu huagizwa mtandaoni. Namba ni uzito wa mshipi ambao fimbo imeundwa kuurusha. Ndani mna vipande vinne vya kaboni vinavyoungana kuwa fimbo, mpini uliokwisha kuchongwa, kiti cha kushikia rili (gurudumu la kukunjia mshipi), pete tisa au kumi za kupitishia mshipi, pete ya nchani, uzi wa nailoni wa kufungia pete kwenye fimbo na vichupa viwili vya epoksi, gundi ya kuchanganywa. Kaboni ni bora kuliko bei yake. Vingine vinahitaji jicho kali.

Kwanza, inafaa maji gani? Kwenye maziwa ya juu ya Mlima Kenya, kama Alice na Rutundu, ambako upepo hausamehe, futi 9 namba 5 ndiyo saizi yake. Kwenye mito ya msituni, Thego kwa mfano, au Gura uliopandwa samaki aina ya trauti tangu 1905, fimbo ndefu hivyo itashinda ikigonga matawi. Anayevua mitoni tu atafute seti ya futi 7 na nusu, namba 3 au 4.

Mpini huja na tundu jembamba. Litanue kwa tupa ya mviringo ukianzia upande wa nyuma, kidogo kidogo, ukijaribisha kila mara. Ukiulazimisha utapasuka, ukizidisha tundu, mpini utaning'inia kwenye gundi peke yake. Kiti cha rili kina tatizo la kinyume, tundu lake ni pana mno. Zungushia kaboni tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mikanda mitatu yenye nafasi katikati, ili epoksi ijaze zile nafasi na kushika kaboni yenyewe. Wanaofunika sehemu yote kwa tepu ndio ambao kiti chao huanza kucheza baadaye.

Pete ndizo dhaifu zaidi baada ya gundi. Miguu yake imekatwa butu. Isipolainishwa kwa tupa hadi ncha iwe nyembamba, uzi hauwezi kuipanda bila kuacha pengo, na ncha hiyo hiyo itaikwaruza kaboni kila fimbo inapopinda. Pete kubwa ya kwanza ikae sentimita 75 hivi kutoka kitakoni, yaani mwisho wa nyuma wa fimbo; iliyo karibu na ncha, sentimita 10 hadi 12 kutoka nchani; za katikati zisogeleane kadiri unavyopanda. Uzi upitishe ndani ya kitabu kizito kilichofungwa, ukae umekazika kwa mvuto uleule mwanzo hadi mwisho. Pete zikisha kufungwa, chungulia kutoka kitakoni na uzinyooshe kabla ya gundi, maana baadaye ni kukata kwa kisu tu.

Sasa gundi. Ile ya ndani ya seti hugeuka manjano upesi; nunua epoksi ya kumalizia fimbo, inayouzwa kwa kazi hiyo. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, kiasi sawa kwa kila kichupa, usikadirie kwa macho: uwiano ukikosewa itabaki inanata siku zote. Siku ya baridi, tia chupa kwenye maji ya vuguvugu kwanza, kwani gundi nzito hushika mapovu. Ukishachanganya, imwage juu ya karatasi ya alumini. Ikitandazika, mapovu hupanda na joto hupungua, hivyo haigandi mapema. Paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Asiye na mota ya kuzungusha ageuze fimbo nusu mzunguko kila dakika chache kwa saa mbili tatu, la sivyo gundi itashuka upande mmoja na kuning'inia matone. Ujue pia kwamba uzi wa kawaida hupoteza rangi na kuwa kama kioo ukilowa epoksi. Anayetaka rangi ibaki apake kwanza dawa ya kuhifadhi rangi.

Pete ya nchani ishikizwe kwa gundi ya kuyeyushwa kwa moto, ili siku ikivunjika ing'oke. Pasha moto kijiti cha gundi, kamwe si kaboni.

Karatasi ya maelekezo imesahau jambo moja zito: kila mdomo unaovishwa juu ya kipande kingine ufungwe uzi, sentimita 2 hivi, hadi ukingoni kabisa. Usipofungwa hupasuka wakati wa kurusha. Ziba tundu la mdomo huo kwa tepu unapopaka, epoksi isiingie, na kabla ya kwenda majini sugua maungio kwa nta ya mshumaa.