Honda CBR600RR baada ya Boxer 150: breki kwanza, resi baadaye

Hukumu yangu naitoa mapema. CBR600RR ni pikipiki iliyotengenezwa kwa akili sana, na mtu anayetoka kwenye Boxer, TVS au Haojue anaweza kuishi nayo hapa Dodoma. Kitakachomsumbua si mwendo, kwa sababu mwendo kila mtu anauogopa na hujihadhari nao. Kinachomwangusha ni mkono wa kulia uliozoea pikipiki yenye breki hafifu na resi isiyo na madhara, halafu unakabidhiwa chombo ambacho breki na resi vyote vinaitika papo hapo.

Ninayoizungumzia ni ya 2007 na kuendelea, kabla ya toleo jipya la 2020, ile mafundi wanaiita PC40. Injini ni cc 599, silinda nne, nguvu farasi karibu 118 kwenye mizunguko 13,500 kwa dakika, na uzito wa kilo 186 ikiwa imejaa mafuta. Boxer 150 ni cc 144.8, nguvu farasi 12 na kilo zisizofika 130. Uzito umeongezeka kwa nusu tu, nguvu imezidi karibu mara kumi. Boxer nyingi za boda zina breki za ngoma mbele na nyuma. Hii mbele ina diski mbili za milimita 310, na kila moja inabanwa na kalipa ya pistoni nne.

Kabla hujanunua, angalia namba ya fremu. Pikipiki iliyouzwa Japan kwa matumizi ya ndani ina namba fupi inayoanza na PC40 na kistari. Ya soko la Ulaya ina herufi na tarakimu 17, mwanzo wake JH2. Tofauti ni kubwa, maana ile ya Japan ya 2007 ilibanwa hadi nguvu farasi 69 na mwendo wake ukaishia kilomita 180 kwa saa. Wauzaji huziita zote "600" na bei huzitoza sawa. Kwa mtu anayetoka Boxer, mimi naipendekeza ile ya 69 bila kusita, ila ilipe bei yake, usiilipe bei ya ile nyingine. Na kama unaweza kupita kwanza kwenye CB400 Super Four kwa mwaka mzima, pita. Ni silinda nne vilevile, nguvu farasi 53, na kosa lako inalisamehe.

Leseni: daraja A ndilo la pikipiki zinazozidi cc 125. Wengi wanaoendesha Boxer 150 kwa A1 tayari wako nje ya daraja lao, kwa hiyo hilo limalize kabla ya pikipiki haijafika.

Sasa resi. Chini ya mizunguko 6,000 CBR ni mpole, hadi mtu anajiuliza sifa zake zinatoka wapi. Kuanzia 8,000 inabadilika, na hapo mgeni hushtuka, akishtuka anakaza mkono, na mkono ukikaza unavuta resi zaidi. Gia ya kwanza peke yake, kwenye ile isiyobanwa, inaweza kufika karibu 115 kwa saa. Kwa hiyo mjini huhitaji kuvuta hata kidogo. Kilomita 50 kwa gia ya pili injini iko kama 4,700, na kilomita 80 kwa gia ya sita iko kama 4,500. Weka kiwiko chini na kifundo cha mkono chini ya usawa wa hendeli. Mkono ukikaa juu, tuta moja tu linauzungusha na resi inafunguka bila wewe kutaka. Uzito wako ubebwe na magoti yanayobana tangi na mgongo, si viganja. Ukiona viganja vinakufa ganzi kabla ya kufika Chamwino, unaining'inia hendeli.

Boda hufundisha tabia nyingine ya kuacha, nayo ni kuondoka kwa resi nyingi na klachi nusu kwa sababu kuna abiria wawili na gunia. Gia ya kwanza ya CBR ni ndefu. Inataka mizunguko kama 2,500 na klachi iachiwe taratibu mara moja tu, basi. Ukiisugua klachi kila kwenye taa, sahani zake utazibadilisha mapema.

Kuhusu gia, tazama mguu wako. Kama pikipiki yako ya zamani hupandisha gia kwa kukanyaga chini, hapa ni kinyume: ya kwanza chini, nyutro, halafu tano zote kwa kunyanyua ncha ya kiatu. Kukanyaga kwa mazoea ukiwa kwenye 90 kunakurudisha gia ya chini, na PC40 haina klachi inayoteleza kupunguza mshtuko huo, kwa hiyo tairi la nyuma linaweza kufunga na kuyumba. Rudia gia mia moja pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya nyuma, injini imezimwa, huku ukizungusha tairi kwa mkono.

Breki ndiyo nataka uichukulie kwa uzito kuliko yote. Dereva wa boda anaishi na breki ya nyuma. Ana sababu, kwa sababu mzigo uko nyuma na ngoma ya mbele haina nguvu. Kwenye CBR mambo yamegeuka. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito wote unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi mno, na breki ya nyuma ukiikanyaga kwa mazoea inafunga gurudumu mara moja. Ya mbele nayo ukiidaka kwa pigo moja kama wenzo wa Boxer, tairi linafunga kabla shokapu hazijashuka, na kuanguka kwa namna hiyo hakukupi muda wa kurekebisha.

Fanya hivi. Tafuta lami au zege tupu yenye urefu wa mita 100, kwa ruhusa ya mwenye eneo, asubuhi pasipo mtu. Vidole viwili kwenye wenzo. Mwendo 30. Vuta hadi uhisi pedi zimegusa diski, subiri kidogo sana shokapu za mbele zizame, halafu ongeza nguvu kama unavyokamua chungwa, na kabla ya kusimama legeza kidogo. Mara ishirini kwa 30, mara ishirini kwa 50. Usiende 80 siku hiyo. Utajua umeelewa pale ambapo pua inashuka taratibu na mguu wa breki ya nyuma hauna kazi. Kuna matoleo yenye ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisifunge, kuanzia 2009. Ni mazito kwa takriban kilo kumi, na kama mfuko unaruhusu, chukua hilo.

Sababu ya kusisitiza haya ni hesabu. Kwa 50, ukisimama vizuri unahitaji kama mita 12 za breki. Kwa 100 si mita 24, ni kama 50, maana mwendo ukizidi mara mbili umbali wa breki huzidi mara nne. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, hiyo ni mita 28 nyingine. Ukiwa njia ya Bahi au ya Kondoa, mbuzi akitokea kwenye vichaka, mita hizo zote unazihitaji.

Matuta ya kwetu yalijengwa kwa ajili ya malori. Kava za chini za CBR ziko karibu na lami, na ukipita tuta huku umeshika breki ya mbele shokapu zinakuwa zimeshazama, kava inakwangua. Punguza mwendo mapema, achia breki kabisa mita mbili kabla ya tuta, nyanyuka kidogo kwenye vikanyagio, pita ukiwa umenyooka. Kugeuza barabarani pia kunahitaji subira. Usukani wake haukunji kama wa Boxer, na nyingi huangushwa zikiwa zimesimama au kwa mwendo wa kutembea. Geuza kwa hatua mbili, miguu chini, bila aibu.

Joto na vumbi ndivyo vinavyoila pikipiki hii Dodoma. Boxer inapoozwa na hewa, hii ina rejeta. Kwenye foleni Oktoba na Novemba kipimo cha joto huvuka nyuzi 100 na feni inaanza, hilo ni kawaida. Lisilo kawaida ni fundi kujaza maji ya bomba. Angalia sufuria ya kuchemshia maji hapa mjini baada ya mwezi: ndani kuna gamba jeupe, gumu, lisilotoka kwa sponji. Gamba hilohilo linashika njia nyembamba za rejeta, na huko hakuna atakayelikwangua. Weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupooza injini, ya rejeta za aluminiamu iliyokwisha kuchanganywa, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, si maji ya asidi.

Filta ya hewa iko chini ya tangi, lazima tangi liinuliwe. Fundi aliyezoea boda ataitoa na kuipuliza kwa kompresa. Mzuie. Karatasi yake imepakwa mafuta maalumu ya kunasa vumbi, na ukiipuliza unaondoa mafuta na kupanua matundu. Hii haisafishwi, inabadilishwa. Honda inatoa kilomita 18,000 kwa mazingira ya kawaida. Kama unakaa mtaa wa vumbi, mfano pembezoni mwa Nkuhungu au Nzuguni, mimi naikagua kila 5,000 na siingoji nusu ya hizo 18,000 ipite.

Cheni ni ya saizi 525 yenye mipira midogo kwenye kila kiungo, inayozuia grisi ya ndani isitoke. Petroli huiharibu mipira hiyo, na kuosha cheni kwa petroli halafu kupaka oili chafu ndiyo desturi ya vijiwe vingi. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, futa, paka oili ya gia. Kipimo cha ulegevu kimeandikwa kwenye stika ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, kifuate hicho. Oili ya injini iwe 10W-40 yenye alama ya JASO MA, alama ya oili za pikipiki. Oili za magari zenye viongeza vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo.

Umeme: rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, haipendi joto. Kila miezi mitatu weka mita kwenye betri. Ikiwa imezimwa isome volti 12.6 au zaidi, kwenye mizunguko 5,000 iwe kati ya 13.5 na 14.7. Ikisoma 12 na kushuka, haichaji. Ikipita 15, inachemsha betri. Ukisikia mkwaruzo upande wa kulia wa injini mizunguko ikipanda, mara nyingi ni kikaza cheni ya kemu, ile cheni ya ndani ya injini, ugonjwa unaojulikana wa injini hii. Kibadilishe, usiongeze oili nzito kuficha sauti.

Tairi ni 120/70 na 180/55 za inchi 17, zisizo na tyubu. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki nyingi zilizotumika hufika na tairi zenye kina kizuri lakini zimekauka, ukizibonyeza kwa ukucha hazibonyei. Hizo hazishiki, hata breki yako iwe nzuri namna gani, na pesa ya tairi mpya iingize kwenye bei ya kununua. Upepo ni psi 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Miiba ya migunga ni mingi, hivyo beba vizibo vya tairi na pampu ndogo chini ya kiti.

Mafuta ni kama kilomita 16 hadi 18 kwa lita, tangi lita 18. Hadi Morogoro ni kilomita 260 hivi, kwa hiyo ongeza Kibaigwa au Gairo.

Na mvua ya kwanza ya msimu, Novemba mwishoni au Desemba, iache ipite. Miezi ya kiangazi imelaza vumbi na oili ya malori kwenye lami, na nusu saa ya mwanzo maji hugeuza mchanganyiko huo kuwa utelezi, hasa mizunguko ya barabara na mbele ya vituo vya mafuta. Mvua ikishanyesha vya kutosha na kuosha, toka, lakini anza tena na breki za 30.