Mfuko wa masoko yanayoibukia: upi ununue, na faida yake ya miaka mingi ni kiasi gani hasa

Kipeperushi nilichopewa na ofisa mmoja wa mauzo ya mifuko ya uwekezaji mjini Dar es Salaam kilionyesha thamani ya hisa za masoko yanayoibukia, yaani za nchi ambazo chumi zake bado zinainuka, kwa mchoro wa mstari mmoja uliopanda kutoka kona hadi kona, na chini yake, kwa herufi ambazo nililazimika kuzisogeza dirishani ili nizisome, palikuwa na maneno haya: "Kuanzia Januari 2003." Tarehe hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa sababu ukibadilisha mwezi wa kuanzia, mstari huohuo hulala chini kwa miaka mingi kabla ya kuinuka. Kabla ya kupanga mifuko kwa ubora, basi, inafaa kuiangalia historia yenyewe.

Kipimo kinachotumika sana ni faharisi (orodha ya hisa inayopima mwenendo wa soko zima) ya masoko yanayoibukia inayotungwa na kampuni ya MSCI, ambayo leo inabeba nchi 24, zikiwamo China, India, Taiwan, Korea Kusini, Brazil na Afrika Kusini. Kuanzia mwanzo wa 1988 hadi mwisho wa 2023, gawio likihesabiwa kuwa lilirudishwa kununulia hisa, faharisi hiyo ilizaa wastani wa kati ya asilimia 9 na 10 kwa mwaka kwa hesabu ya dola. Wauzaji huishia hapo. Wasichokisema ni kwamba katika miaka sita ya mwanzo pekee, 1988 hadi 1993, fedha ziliongezeka zaidi ya mara sita, na kwamba enzi hizo mwekezaji wa kawaida hakuwa na mfuko rahisi wa kufuata faharisi hiyo. Aliyeingia na dola 100 mwisho wa 1993, sifa zilipokuwa zimeenea kila mahali, alipita katika msukosuko wa kifedha wa Mexico, wa Asia na wa Urusi, na mwisho wa 2002 alikuwa na takriban dola 65. Miaka mitano iliyofuata ilizizidisha karibu mara tano, na hapo ndipo kipeperushi changu kilipoanzia. Mwaka 2008 uliondoa asilimia 53. Mwaka 2009 ulirudisha asilimia 79, na wengi wakadhani wamepata faida, ilhali dola 100 zilishuka hadi 47 kisha zikapanda hadi 84 tu. Ukiijumlisha miaka 30 yote, kutoka mwisho wa 1993 hadi mwisho wa 2023, unapata chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka.

Kwa nini kidogo hivyo, wakati chumi hizo zilikua kwa kasi? Uchumi kukua ni jambo moja na mwenye hisa kupata ni jambo jingine: kampuni hutoa hisa mpya mara kwa mara na kupunguza fungu la wa zamani, nyingine zinamilikiwa na serikali zenye malengo yao, na sarafu zikishuka faida huyeyuka. Faharisi ya MSCI ya China, iliyoanza na pointi 100 mwisho wa 1992, ilikuwa chini ya 100 mwisho wa 2023, bila kuhesabu gawio. Hata hivyo, masoko haya yana zamu yao. Kati ya 2000 na 2009 hisa za S&P 500, faharisi ya kampuni kubwa za Marekani, zilimpa mwenye nazo hasara, huku hisa za masoko yanayoibukia zikizidisha fedha mara mbili na nusu; muongo uliofuata mambo yaligeuka kabisa.

Sasa kwenye ununuzi. Kwa msomaji anayeishi Kenya, Tanzania au Uganda, naweka nafasi ya kwanza mfuko wa faharisi, yaani unaonunua hisa zilizomo kwenye faharisi bila kuchagua, uliosajiliwa Ireland na kuuzwa katika soko la hisa la London, na mfano ninaoupendekeza ni iShares Core MSCI EM IMI, wenye ada ya asilimia 0.18 kwa mwaka. Unabeba maelfu ya kampuni, hata ndogo, na gawio halitolewi bali hubaki ndani likinunua hisa zaidi.

Mwenzake aliyesajiliwa Marekani, mfuko wa iShares wenye alama IEMG, anatoza asilimia 0.09, na mtu angeuona ni nafuu. Lakini Marekani humkata asiye mkazi kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye gawio, na nchi zetu tatu hazina mkataba wa kodi nayo wa kupunguza kiwango hicho. Mfuko ukilipa gawio la asilimia 3, asilimia 0.9 ya fedha zako huondoka kila mwaka, yaani mara kumi ya ile ada. Juu ya hayo, asiye mkazi akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, warithi wake wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Kwa hiyo IEMG naipa nafasi ya pili, na kwa ndugu zetu wanaoishi na kulipa kodi Marekani naipa ya kwanza. VWO, mfuko wa kampuni ya Vanguard, inakaribiana nayo kwa ada, ila hufuata faharisi ya mtungaji mwingine, FTSE, ambaye huihesabu Korea Kusini kuwa soko lililoendelea, kwa hiyo humo hutaipata Samsung. EEM, mfuko mkongwe wa iShares wa 2003, hutoza karibu asilimia 0.7 kwa kazi ileile. Sioni sababu ya mwekezaji wa muda mrefu kuinunua.

Nafasi ya chini kabisa naipa mifuko ya mameneja wanaochagua hisa wenyewe kwa ada ya asilimia 1.5 au zaidi. Wapo hodari, lakini wengi wao hushindwa na faharisi miaka ikipita, na ada haisubiri wakosee. Shilingi milioni moja ikikua kwa asilimia 6 kabla ya ada, baada ya miaka 20 mfuko wa asilimia 0.18 utakupa takriban milioni 3.1, na ule wa asilimia 1.5 milioni 2.4.

Mwenye mfuko wa dunia nzima tayari anabeba masoko haya kwa takriban sehemu moja ya kumi, na huenda hahitaji kuongeza. Anayetaka kuongeza anunue kidogokidogo kila mwezi kwa miaka kumi na zaidi, kwa fedha asizozihitaji karibuni, na aangalie pia dola anainunua kwa bei gani: Mkenya aliyeinunua kwa shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 aliiona ikirudi karibu 130 miezi michache baadaye. Siku ya kuagiza kwa dalali, soma alama vizuri, kwani mfuko uleule wa Ireland huuzwa London kama EIMI kwa dola na kama EMIM kwa peni za Kiingereza, na asiyejua huona bei ya pili akadhani ameuziwa kitu kingine.