Sponji ya gundi ya kuzuia kelele za milango: imepimwa kwa maji, joto na klipi

Ndani ya mlango wa gari, nyuma ya paneli, kuna vipande vya sponji ambavyo fundi mwenye haraka huving'oa na kuvitupa. Kilichovishwa kwenye fito ya loki huizuia isigonge bati. Cha kwenye soketi ya nyaya hunyamazisha plastiki gari likipita kwenye makorongo. Pete ya spika nayo huelekeza sauti kwa abiria, isipotelee mlangoni. Vikizeeka huvunjika kama unga, ndipo kelele zinapoanza.

Rola hii nyeusi, unene wa milimita 5 na gundi upande mmoja, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Cha kwanza kupima ni maji, kwa kuwa mvua hupenya pembeni mwa kioo na kutokea kwenye matundu ya chini ya mlango. Hilo ni jambo la kawaida. Kata kipande, kiminye ndani ya maji, kitoe, ukikamue. Hiki hakikutoa kitu zaidi ya matone ya juujuu. Sponji ya godoro ingejaa maji, na kule ndani ingelowesha bati mpaka lishike kutu.

Gundi ndiyo udhaifu wake. Kwenye bati lililofutwa kwa spiriti inashika barabara, lakini kwenye plastiki yenye vinyweleo kona zinanyanyuka joto likipanda. Kwenye fito usiitegemee: zungushia sponji, kisha ikaze kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya.

Kabla ya kubandika, shusha kioo mpaka chini uone kinapopita. Usizibe matundu ya maji, wala usiguse sensa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa. Baadhi ya magari huiweka humo mlangoni, nayo hupima mgandamizo wa hewa. Tabaka moja linatosha. Ukibandika mawili, klipi za paneli hazifiki mwisho, na paneli yenyewe inaanza kulia, kelele mbaya kuliko ya mwanzo.

Kuna bonge moja la sponji mlangoni ambalo rola hii haiwezi kuchukua nafasi yake: lile gumu, nene, lililo usawa wa nyonga au mbavu. Hilo limewekwa libonyee gari likigongwa ubavuni. Likikatika, agiza jipya kwa namba ya kipuri, na usikubali lichongwe kupisha spika kubwa.