Core i5-2500K kwenye GHz 4.4: prosesa ya 2011 inayonilipia kodi ya nyumba Katuba

Harusi za kiangazi hapa Lubumbashi hazimpi mtu usingizi. Sherehe inaisha usiku wa manane Jumamosi, na Jumatatu asubuhi mama wa bibi arusi amesimama mlangoni pangu Katuba anataka filamu kwenye flashi, tena flashi mbili, moja ya ndugu walioko Likasi. Kazi hiyo yote, tangu Agosti 2019, naifanya na prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kompyuta: Intel Core i5-2500K iliyotoka Januari 2011. Kiwandani ilipewa kasi ya GHz 3.3, yaani midundo bilioni 3.3 kwa sekunde. Kwangu inatembea GHz 4.4, viini vyote vinne. Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu anayeniuliza kama anunue mashini za aina hii, zile za okazioni (zilizokwisha kutumika) zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kama kweli zinapandishwa kasi bila kuungua.

Zinapandishwa. Ila kinachoziua hapa kwetu sicho kile watu wanachokiogopa, na nilichelewa miezi mitatu kukijua.

Kwanza ununuzi, maana hapo ndipo nilipoliwa pesa. Muuzaji mmoja aliniuzia prosesa hii ikiwa tayari kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipu ya H61, akaniapia kwamba K mwishoni mwa jina maana yake ni kupandisha unavyotaka. Kuhusu prosesa alisema kweli. Inapokea mdundo wa MHz 100 kutoka kwenye mazabodi na kuuzidisha: ukiiambia 33 inakupa 3300, ukiiambia 44 inakupa 4400, na K inamaanisha kizidisho hicho kimefunguliwa. Lakini mazabodi nayo lazima ikubali. H61 haikubali, H67 haikubali, B75 haikubali. Tafuta P67, Z68 au Z77. Nilikesha ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta inapowaka) nikitafuta mstari ambao haumo. Asubuhi muuzaji akakataa kubadilisha, ikabidi nitafute Z68 kwa pesa nyingine.

Kwa hiyo usiridhike na kibandiko cha nje. Fungua kasha, washa tochi ya simu, soma jina lililochapwa kwenye mazabodi yenyewe. Na ukiikuta P67, hakikisha ni B3. Mwisho wa Januari 2011 Intel yenyewe ilisimamisha chipu za mazabodi za toleo lile kwa sababu bandari za SATA za 3 Gb/s zilikuwa zinachakaa kadiri siku zinavyokwenda. B3 ndiyo iliyorekebishwa. Kwa mashini inayotunza harusi za watu, bandari ya diski inayochakaa si jambo la kupuuza.

Waliozoea prosesa ya zamani zaidi, Core 2 Quad Q6600, wanapenda kuvuta mdundo wenyewe. Ile ulikuwa ukitoa FSB (mdundo wake wa msingi) kutoka 266 kwenda 333, kizidisho 9, unapata GHz 3.0 na maisha yanaendelea. Kwenye 2500K msijaribu. Mdundo wa 100 umefungwa pamoja na SATA na nafasi za kadi. Ukivuka 105 hivi, diski zinaanza kupotea. Huku kazi yote ni ya kizidisho na volti.

Sasa joto. Sisi wa Katanga tumekua tukiliona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wake mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, tunajua shaba inauzwaje, lakini wachache wetu tumewahi kuiona ikifanya kazi. Kipoza nilichokinunua kimetumika, Cooler Master Hyper 212 Evo, kina mabomba manne ya shaba yanayogusa kifuniko cha prosesa moja kwa moja. Ndani ya bomba kuna kimiminika kidogo: kikipata joto kinageuka mvuke, kinapanda hadi kwenye mapezi ya alumini, kinapoa, kinarudi chini. Hakuna pampu. Feni ya milimita 120 inapuliza mapezi tu. Siku nilipokifunga niliweka kidole kwenye bomba wakati mashini inaanza kazi nzito, na katika sekunde chache likawa la moto hadi juu. Kile kipoza cha duara chenye pini nne za plastiki kinachokuja na prosesa, kiwekee kasi ya kiwandani tu, usikipe zaidi.

Na prosesa hii ina jambo moja zuri ambalo wadogo zake hawana. Chini ya kifuniko chake cha chuma, Intel walikilehemu kipande cha silikoni kwa metali. Kizazi kilichofuata, Ivy Bridge cha 2012, walipaka pasta ya kupitisha joto badala ya kulehemu, na joto linatoka kwa shida. Ndiyo maana 2500K ya zamani inavumilia kuliko 3570K ambayo ni mpya kwake.

Jinsi nilivyopanda. Mdogo wangu alikaa mbele ya skrini anasoma joto, mimi nashika karatasi na kalamu. Kizidisho 40, volti nikaziacha kama zilivyo: hakuna shida. 42, hakuna shida. Kwenye 44 mashini ikaanguka na skrini ya buluu yenye namba 0x101. Kwenye prosesa hii namba hiyo, pamoja na 0x124, kwangu mara zote zilimaanisha njaa ya volti. Nikaongeza kidogo kidogo mpaka 1.29 ikatulia. 46 ilitaka 1.35. 48 ilitaka 1.43, na hapo mdogo wangu akaita, "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa), iko 89!" Nikazima kazi.

Nilikaa nikapiga hesabu usiku ule, na hesabu hiyo ndiyo ningependa kila mtu aifanye kabla ya kujisifia namba. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda pamoja na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake. Kiwandani viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja vinakwenda GHz 3.4 (ile 3.7 iliyoandikwa kwenye sanduku ni ya kiini kimoja), na yangu ilikuwa ikitumia volti 1.19. Kupeleka 4.4 kwa 1.29 kunaongeza ulaji kwa nusu. Kupeleka 4.8 kwa 1.43 kunaufanya mara mbili. Halafu nikapima filamu moja ya harusi, ya 1080p: kasi ya kiwandani dakika 94, 4.4 dakika 73, 4.8 dakika 67. Yaani kutoka 4.4 kwenda 4.8 unapata dakika 6 na unalipa theluthi ya moto juu yake. Nikarudi 4.4 na sijapanda tena.

Dakika 21 kwa filamu, kwa mtu mwenye ofisi kubwa, labda si kitu. Kwangu umeme unaweza kuwepo kwa saa nne kisha ukakatika hadi usiku. Filamu tatu zikiingia ndani ya saa hizo nne badala ya mbili, siwashi jenereta, na mafuta ya jenereta ndiyo faida yangu yote.

Sasa niseme kile kilichonichelewesha miezi mitatu. Mashini iliyokuwa imara asubuhi, imara mchana, ilikuwa ikijizima jioni. Bila skrini ya buluu, bila namba, pu, giza. Nikaongeza volti. Nikapunguza kasi hadi 4.2. Nikabadilisha pasta mara mbili. Nikaanza kuamini kwamba kupandisha kasi kumeiua prosesa, na nikamwambia mdogo wangu tujiandae kununua nyingine.

Jirani yetu mmoja, mzee anayetengeneza redio tangu enzi za Zaire, akaja kuchukua picha za kilio. Mashini ikajizima mbele yake. Akauliza, "Mwanangu, huu umeme wenyewe umeupima?" Nikamjibu, "Papa, taa si inawaka?" Akatoa mita yake mfukoni, akaingiza ncha kwenye soketi ya ukutani. Volti 171. Ilikuwa saa moja ya jioni, saa ambayo mtaa mzima una sufuria ya bukari (ugali) kwenye resho, jiko la umeme. Tulipima tena saa tano usiku: 214.

Pawa saplai yangu ilikuwa ya zamani, ile yenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Ikiwa kwenye 230 na ukutani inaingia 171, inahangaika. Kwa kasi ya kiwandani ilikuwa inajikaza, lakini nilipoipa prosesa inayokula nusu zaidi, ikashindwa. Prosesa haikuwa na kosa lolote. Nilinunua pawa saplai inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240 bila swichi, nikaweka na stabilaiza mbele yake, nikarudisha 4.4. Mashini haikujizima tena jioni. Basi kabla hujagusa kizidisho, geuza kasha uangalie nyuma. Ukiiona ile swichi nyekundu, pesa yako ya kwanza iende hapo, kabla ya kipoza na kabla ya memori.

Vumbi nalo lina miezi yake. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, lile vumbi jekundu linajaa katikati ya mapezi mpaka yanaonekana kama tofali. Nasafisha kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa brashi laini ya rangi, feni nikiwa nimeishika kwa kidole isizunguke. Na joto la chumba linaingia moja kwa moja kwenye prosesa: Julai, chumba kikiwa nyuzi 18, kwenye kazi nzito nasoma 62. Oktoba, chumba 32, kazi ileile, nasoma 76. Prosesa hii inaanza kujipunguza yenyewe karibu na 98, kwa hiyo bado kuna nafasi, lakini mtu aliyeipima Julai na kuridhika na 85 atalia Oktoba.

Mpangilio mmoja zaidi. Usiiwekee volti ya kudumu. Tumia mstari wa BIOS ulioandikwa Offset, unaoongeza kidogo tu juu ya volti ambazo prosesa inajiombea yenyewe, na uache njia za kupumzika zikiwa wazi. Hivyo ikiwa haina kazi inashuka hadi GHz 1.6 na volti zinashuka nayo. Mteja anapokaa dakika ishirini akichagua picha, mashini inapoa. Hapo ndipo wengi wanaichosha prosesa bure, kuipa volti za kazi nzito hata ikiwa imekaa tu.

Mapungufu yake ni ya kweli na kasi haiyaondoi. Haina AVX2, amri za hesabu nyingi kwa pamoja zilizokuja na prosesa za Intel za Haswell mwaka 2013, kwa hiyo programu kadhaa mpya zinakataa hata kufunguka. Marekebisho ya usalama ya 2018, yale ya kuziba tundu la Meltdown, yaliipunguzia nguvu kwenye kazi za diski, nami nililihisi hilo siku za kunakili picha za kamera mbili kwa pamoja. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiitambui. Nimehamia Linux na nakata filamu kwa Kdenlive. Ilinichukua wiki mbili kuzoea. Video za 4K kutoka simu mpya inazicheza kwa kusuasua, hivyo nazigeuza kwanza kuwa ndogo, nakata, halafu natoa kutoka kwenye zile kubwa. Na ina viini vinne tu, kila kimoja kikibeba kazi moja kwa wakati: filamu ikiwa inatoka, usifungue kitu kingine.

Kama tayari unayo K na mazabodi yake inakubali, ipandishe, simama kwenye 4.3 au 4.4, na usipitishe volti 1.35. Kama huna kabisa na una dola mia mbili mkononi, usinunue hii kwa mapenzi. Tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu hata kama kizidisho chake kimefungwa. Mimi naipenda yangu kwa sababu najua kila namba yake, na kwa sababu imenilisha. Ningekuwa naanza leo nisingeianza.

Limebaki la betri. Ile CR2032 ya mviringo kwenye mazabodi ndiyo inayokumbuka kizidisho chako umeme ukiwa haupo, na hapa kwetu umeme haupo mara nyingi, kwa hiyo betri inakwisha upesi. Yangu ilikwisha Machi mwaka jana: nikawasha asubuhi, filamu ikatoka taratibu mno, nikaangalia, 3.3. Saa imerudi 2011. Nilinunua betri mpya sokoni Kenya, ile komyuni ya hapa Lubumbashi, kisha nikaandika kila kitu kwenye karatasi na kuibandika upande wa ndani wa kifuniko cha kasha: 44, offset +0.030, memori 1333, feni kamili kuanzia 60. Chini yake mdogo wangu ameongeza kwa kalamu nyekundu: OKTOBA, 42.