Wakili aliyekataa kumwambia mdogo wangu "kiri tu yaishe"

Jina la ofisi ya wakili huyu sitaliandika. Mawakili hawaruhusiwi kujitangaza kama wauza simu, na mama huyu aliniomba nisimtie matatani. Ukinikuta Uyole, Mbeya, ninapouza viazi, nitakuelekeza kwa mdomo.

Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo kwenye duka la pembejeo. Msimu wa kupandia akashtakiwa makosa mawili: wizi akiwa mtumishi, mifuko 60 ya mbolea, na kughushi hati za kutolea mzigo. Wadhamini walichelewa kupatikana, akalala Gereza la Ruanda wiki tatu. Ukiwa na ndugu mahabusu, kila anayekuambia "itaisha" unamwamini. Wakili wa kwanza alichukua laki tatu bila risiti, akaongea naye dakika kumi kwenye korido ya mahakama, akasema, "Kiri tu, tutaongea na serikali, yaishe." Akiri nini? Hakuuliza.

Huyu wa pili alianza kwa kuuliza. Dhamana ilipopatikana tukampeleka ofisini kwake, akatutoa nje mimi na mama, akabaki naye karibu saa mbili huku mvua ya Desemba ikipiga bati. Walipotoka, macho ya mdogo wangu yalikuwa mekundu. Alikuwa amechukua mifuko 14, akaiuza. Ile 46 ilipelekwa tawi lingine kwa amri ya simu, bila karatasi, na sahihi kwenye zile hati hazikuwa zake. Wakili akaniambia, "Dada, alilolitenda tutalijadili. Asilolitenda hakiri, hata wakimpunguzia adhabu."

Kwa maneno hayo tu ningempa nyota zote.

Utaratibu wenyewe alinieleza mpaka nikauelewa. Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019. Wanaojadiliana ni mwendesha mashtaka na mshtakiwa au wakili wake, wakati wowote kabla ya hukumu. Mahakama inaarifiwa, ila hakimu haingii kwenye mazungumzo. Upande wa mashtaka unaweza kuondoa shtaka mojawapo, kushusha kosa au kupendekeza adhabu. Mshtakiwa naye anakiri na kulipa anachodaiwa. Tena si kila kosa linajadilika. Kwenye benchi la kusubiria nilikaa na mama mmoja, kesi ya mwanawe ni ya kujamiiana. Alinisimulia kwamba alikuja na pesa mkononi, wakili akazirudisha na kumweleza kuwa makosa mazito ya aina hiyo sheria imeyafungia mlango huu, kama uhaini na ugaidi. Alilia, lakini pesa zake alirudi nazo nyumbani.

Yetu ilichukua miezi minne na kuahirishwa mara tatu. Mwenye duka aliitwa, akasikilizwa. Mwisho shtaka la kughushi likaondolewa, mifuko ikawa 14, fidia shilingi 980,000 kwa awamu, na pendekezo la kifungo cha nje miezi 12.

Kabla ya kusaini, wakili alisoma karatasi yote kwa sauti, mstari kwa mstari, akimpa mama yetu nafasi ya kuuliza kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili cha ofisini kinampita. Alipofika kwenye haki ambazo mdogo wangu anaziacha alisimama. Hakutakuwa na kusikiliza mashahidi. Hakutakuwa na rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. "Na utabaki mtu aliyetiwa hatiani. Kazi ya stoo utaitafuta kwa shida." Akampa wiki nzima akafikirie. Kwa hiyo siku mdogo wangu alipoapishwa na hakimu akamuuliza kama kuna aliyemtisha au kumshawishi, hakubabaika. Alijibu kitu anachokielewa. Hakimu angeweza bado kuyakataa makubaliano yale. Akayapokea.

Ada ilikuwa laki tisa, tukalipa mara tatu, kila mara risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Si kidogo kwa muuza viazi. Simu yake haipokelewi mpaka saa kumi jioni, hilo litakuudhi. Na karani wake alitupa tarehe isiyo sahihi mara moja: tukatoka Uyole asubuhi, siku ya soko, tukakuta kesi ni kesho yake. Afadhali tuliwahi. Tungechelewa siku moja, dhamana ingeweza kufutwa, na nilimwambia wakili hivyo bila kumung'unya maneno. Tangu hapo tarehe alituandikia mwenyewe kwa mkono wake.

Tulipotoka mahakamani mama alimshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, ndaga fijo," yaani asante sana. Yeye akaitikia, kisha akamgeukia mdogo wangu kumuuliza stakabadhi ya awamu ya kwanza ya fidia ameiweka wapi.