Chuma cha kulehemu cha wati 60 chenye nobu ya joto: uzoefu wangu na ncha zake

Ni kile cha mpini wa bluu kisicho na jina la maana. Wati 60, nobu ya joto iko kwenye mpini wenyewe, imeandikwa 200 hadi 450, na pakiti inakuja na ncha tano za aina ya 900M. Nilikichukua Mwanjelwa hapa Mbeya kwa shilingi 25,000, nakitumia kwa redio, taa za sola na bodi za chaja. Nakipa nyota nne kati ya tano. Iliyokosekana ni ya nobu.

Nobu inadanganya. Ukifungua mpini unakuta waya mbili tu zinaingia kwenye hita, hakuna waya wa kupima joto. Kwa hiyo chuma hakijui ncha ina digrii ngapi, kinachofanya ni kupunguza umeme kama dima ya taa. Umeme wa mtaa ukishuka, joto nalo linashuka, tena kwa kasi: nguvu hupungua kwa mraba wa volti. Kutoka volti 230 hadi 190, wati 60 zinabaki kama 41. Fundi anaona risasi (ule waya laini wa kuungia) inasuasua, anasukuma nobu hadi mwisho, umeme unarudi, ncha inaungua mbele ya macho yake. Mimi siangalii namba, naangalia risasi. Waya wa risasi wa 60/40, yaani bati 60 na risasi 40 kwa mia, huyeyuka kati ya digrii 183 na 190. Nikigusisha waya wa mm 0.8, ukiyeyuka ndani ya sekunde moja na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ikabaki na rangi ya asali, joto linatosha. Flaksi ikichemka kwa kelele na kugeuka nyeusi papo hapo, nashusha.

Sasa ncha, maana malalamiko mengi ninayosikia ni "ncha za hiki chuma ni feki, wiki mbili zimekufa". Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zimeuawa kwa tupa. Ndani ya ncha ni shaba, kwa sababu inapitisha joto vizuri. Juu yake kuna ganda la chuma lisilofika hata milimita moja, nyuma kuna kromu ili risasi isipande, na mbele kabisa kuna bati. Ukipiga msasa au tupa ili ing'ae, unaondoa lile ganda. Bati lililoyeyuka linakula shaba kama maji yanavyokula sukari, na baada ya siku chache unaona kishimo pembeni ya ncha. Hapo hakuna dawa, itupe.

Ncha iliyopata kutu ya moto utaijua: risasi haishiki, inajiviringa na kudondoka kama umande kwenye jani la gimbi. Hiyo bado inaokolewa, ila si kwa kuongeza moto. Shusha nobu hadi karibu 250, chovya kwenye flaksi ya rozini, ichomeke kwenye waya wa kusugulia wa shaba ya manjano, kisha weka risasi mpya nyingi. Rudia mara tano au sita. Doa la fedha huanza dogo, halafu linatambaa hadi kufunika ncha yote.

Huo waya wa kusugulia uwe wa shaba ya manjano kweli. Madukani kuna stilwaya za masufuria zilizopakwa rangi ya dhahabu, nazo zinachuna ganda. Nenda na sumaku ya spika mbovu: ikinasa, rudisha. Sponji nayo inafaa ukiilowesha na kuikamua mpaka isidondoshe tone. Ikijaa maji ncha inapoa ghafla kila unapofuta, na ganda hupasuka taratibu.

Kosa la kila siku ni kufuta ncha halafu kuirudisha kwenye stendi ikiwa tupu. Fanya kinyume: futa unapoichukua kwenda kulehemu, irudishe ikiwa na risasi yake. Ukimaliza kazi weka tone nono, zima, iache ipoe nalo. Zaidi ya dakika kumi bila kazi, zima.

Flaksi: rozini tu. Asidi ya mafundi bati inatafuna ncha na baadaye inatafuna bodi. Wapo wanaotumia utomvu mbichi wa msonobari, na huku Nyanda za Juu hatuna shida ya misonobari, nenda shamba la miti la Sao Hill uone. Ni kweli rozini hutoka kwenye utomvu huo, lakini ni baada ya kutoa tapentaini. Mbichi inanata, inatoa moshi mzito na kuacha masizi. Moshi wa rozini safi wenyewe unachoma mapafu, kwa hiyo hata baridi ya Juni ikibana, acha dirisha wazi. Na nawa mikono kabla ya kula, hiyo ni risasi.

Kila wiki, chuma kikiwa baridi, fungua nati, toa ncha, gonga polepole unga mweusi utoke. Usipake grisi. Ukiacha miezi, ncha inagandana na hita, na hita ya kauri ukiilazimisha inavunjika kama chaki. Ndiyo maana usigonge chuma mezani kukung'uta risasi. Ukinunua ncha za ziada, ijaribu kwenye hita hapo hapo dukani: iingie bila kulazimishwa na isicheze. Inayocheza ina hewa katikati, joto halifiki.

Kati ya zile tano, ile ya sindano sijaiona faida yake, inagusa padi (kile kidoa cha shaba kwenye bodi) kidogo mno. Ya patasi ya mm 2.4 inafanya karibu kila kitu, na ile pana iliyokatwa mshazari naiweka kwa waya nene za sola.

Plagi yake ni ya pini mbili, haina ardhi. Testa inawaka hafifu ukiigusisha kwenye ncha. Kwa hiyo kwa mosfeti na aisi, vipande vya bodi vinavyoweza kuharibiwa na umeme huo mdogo, nachomoa plagi kwanza, joto lililobaki linatosha miguu mitatu au minne, kisha narudisha.